Mkono Juu ya Plagi

Jumanne, 8 Aprili

Mvua tena. Asubuhi darasani, mchana soko la Sanyuanli na Mama Furaha, mfanyabiashara Mkongo ninayemfanyia kibarua, kuchukua sampuli za mapazia. Mimi dereva, mimi mkalimani, mimi mpagazi. Gari lake la umeme lilibaki na chaji ya kuombea dua, tukaingia kituo cha kuchaji nyuma ya maghala. Mama akashuka na mwavuli kama kawaida yake. Hajifuniki yeye, anaifunika plagi. Anaweka kiganja juu yake, anafumba macho, anamwomba Yesu mpaka taa ya kijani iwake. Mgongo wote chapachapa. Mchina wa gari la jirani akawa anatutazama. Nikajifanya nasoma simu.

Mimi nikichomeka waya husema bismillah, kimoyomoyo. Hakuna anayejua.

Jioni Kevo kaja na habari. Kevo ni Mkenya, tunakaa bweni moja, na hakuna kibarua mji huu wa China asichokijua. Kuna tamthilia inatafuta Mwafrika wa kucheza tajiri. Nimesema nataka kabla hajamaliza sentensi.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimepata! Hata hawakunijaribu sana. Wamenitembeza, wamenichekesha, wamenivalisha koti la zambarau, basi.

Tamthilia yenyewe ni ya kila jioni. Mzee kafa kaacha kituo cha kuchaji magari, ndugu wawili wanakigombea. Binti wa mkubwa anapendana na kijana wa mwenye kituo cha petroli. Wapenzi hukutana pale pale gari likiwa linachaji, na ni lazima wagombane na kupatana kabla betri haijajaa. Mama mkwe kila mara anachomoa waya kwa hasira. Mimi ni mnunuzi kutoka Afrika, nimekuja kutaka magari mengi ya umeme. Jina langu Laoban Dada, yaani Bosi Dada. Nikawaambia kwetu dada ni mwanamke. Wakasema linasikika vizuri.

Nasomea betri, mwaka wa mwisho. Na nitacheza mtu asiyejua betri. Kevo kacheka hadi kakohoa.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimefanya jambo baya.

Tulirekodia kwenye maegesho. Mashine ya kuchajia ni ya mbao, imepakwa rangi, taa inawashwa na mtu aliyejificha nyuma. Gari ndilo la kweli, na liliishiwa chaji katikati ya kazi. Tamthilia nzima ya kuchaji na hakuna aliyekumbuka kulichaji! Tukalisukuma, mimi na koti langu la zambarau. Hapo nilikuwa na furaha sana.

Ikaja sehemu yangu. Laoban Dada anachaji gari mara ya kwanza. Nikafanya walivyoniambia: nikashangaa, nikauliza petroli inaingilia wapi. Hakuna aliyecheka. Mwongozaji akasema fanya kitu cha kwenu, kitu cha Kiafrika. Wote wananitazama. Kichwa kitupu.

Nikaomba mwavuli. Nikaufungua juu ya plagi, mimi nje. Nikaweka kiganja. Nikafumba macho, nikatikisa mabega vile anavyotikisa, nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti yake kabisa, ile ya Bukavu: Yesu wangu, fungia huu moto, usitoke kwetu.

Wakaanguka kwa kicheko. Mpiga picha akalazimika kuiacha kamera. Turudie, turudie. Nimerudia mara nyingi, na kila mara nimeongeza chumvi.

Jumapili, 13 Aprili

Nimekula kwa Mama Furaha, sombe, yaani kisamvu, na bugali, kama kila Jumapili. Aliuliza kazi ya televisheni ilikuwaje. Nikasema ya kawaida tu. Akaniongezea samaki.

Niandike ukweli, maana hapa hakuna wa kumdanganya. Najua kwa nini anaomba. Aliniambia mwenyewe mwaka jana, tumekaa ndani ya gari tunasubiri lijae. Mwanawe wa kwanza, Bahati, alikufa Bukavu kwa umeme, ambao kwao huitwa moto. Mvua, waya umekatika, umegusa mlango wa bati wa duka. Kijana akashika mlango afungue. Mama alikuwa nyuma yake na funguo. Nililia siku hiyo. Akanifuta machozi yeye, aliyefiwa.

Na jana nilisema maneno yale yale. Fungia huu moto. Mbele ya watu wanaokula mbegu za alizeti.

Tena ningeweza kufanya bismillah yangu. Sikufanya. Yangu nimeificha, ya mama wa watu nimeianika. Pumbavu mimi.

Nilipotoka akaniambia la kila mara, dimanche usikose, yaani Jumapili.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimeandika ujumbe kwa msaidizi wa mwongozaji: naomba kipande kile kikatwe. Nikaufuta. Nikaandika tena kwa heshima zaidi. Nikiwa nauandika akapiga yeye. Wamekipenda. Wanataka Laoban Dada arudi, aweke mkono kila mahali, kwenye birika, kwenye simu, kwenye lifti. Mama mkwe naye atajifunza kwake, apate kuongoka kidogo.

Nikasema asante sana.

Jumatano, 23 Aprili

Siku ya pili ya kurekodi. Mwigizaji wa mama mkwe, bibi mstaarabu kweli, akaniomba nimfundishe. Nikamshika mkono. Nikamwonyesha vidole vinavyotandazwa, kichwa kinavyoinama. Nikamfundisha na maneno, silabi moja moja. Akayashika haraka. Akauliza maana yake nini. Nikasema ni kuomba gari liende vizuri.

Napenda kupendwa. Ndiyo ugonjwa wangu. Wakiita Laoban Dada nageuka haraka kuliko nikiitwa Shabani.

Ijumaa, 2 Mei

Imerushwa. Tulitazama bwenini kwa simu ya Kevo, vijana wamejaa hadi mlangoni. Walicheka wote. Kevo akasema umeomoka, msee, yaani nimetajirika. Nami nikacheka. Kisha nikaenda chooni nikakaa huko.

Ninavyofanana naye! Hata namna ya kuvuta pumzi kabla ya kufumba macho. Sikujua kama nimemwangalia kiasi hicho.

Jumamosi, 3 Mei

Imetapakaa. Wachina wamekata kipande cha mkono wameweka maandishi, watu wanatumiana wakitakiana mtihani mwema. Hilo lingepita. Lakini kimeingia kundi la simu la Wakongo wa Tianxiu, jengo lenye ofisi ya Mama, na Wakongo si vipofu. Wa kwanza kaandika: huyu ni Mama Furaha mtupu. Wa pili akauliza kijana ni nani. Wa tatu akajibu, ni yule Mtanzania anayekula kwake. Basi ikawa moto. Asante ya punda ni mateke. Kikulacho ki nguoni mwako. Mmoja, mwenye ofisi mlango wa pili na wa Mama, kasema nisikanyage tena Tianxiu, na akinikuta atanifundisha adabu.

Nimesoma yote. Sikuona pa kubisha.

Mama yumo kundini. Hajaandika kitu. Kanitumia ujumbe mmoja tu pembeni: kesho dimanche, kuna samaki.

Jumapili, 4 Mei

Sikutaka kwenda. Nimekwenda kwa sababu kutokwenda ni kukiri, na mimi ni mwoga pande zote.

Sebule ya Mama imejaa Wakongo. Walikuja baada ya misa na nguo zao nzuri, na yule jirani wa ofisi kakaa karibu na mlango, mikono kifuani. Nikasalimu, wakaitikia wachache. Nikakaa kwenye stuli ya plastiki. 

Jirani akaanza. Kwamba kuna watoto wa watu wanalishwa, kisha wanauza uchungu wa mama kwa Wachina. Mama Furaha alikuwa anapakua. Hakuinua uso. Akasema, "Ni miye nilimufundisha ile. Aliniomba kitu ya kuchekesha, nikamuonyesha. Muache mutoto akule."

Kisha mmoja akacheka, wakacheka wote, kwamba kumbe mama ni mwigizaji, naye apelekwe televisheni. Mama akatabasamu. Jirani akaniomba radhi! Akanishika mkono mbele ya watu, akasema tulikukosea. Nami nikasema hamna shida.

Hamna shida. Kinywa changu hicho.

Niandike na hili, maana ndilo linaloniuma zaidi: nilipumua. Chakula kilishuka vizuri. Nilikula vipande viwili vya samaki, nikawa najiambia amenisamehe, yamekwisha. Ni mpaka nilipopeleka sahani jikoni. Alikuwa amesimama kwenye sinki, maji yanatiririka, haoshi kitu. Nikamwita. Akasema weka hapo, bila kugeuka.

Jumatano, 7 Mei

Nimempeleka kuchukua mzigo. Tukapita kuchaji. Mvua inanyesha ile ya kumwaga kwa ndoo. Nikashuka, nikasubiri mlango wake ufunguke. Haukufunguka. Amekaa kiti cha nyuma, mikono ndani ya mkoba, anatazama mbele. Nikachomeka. Taa ikawaka. Bismillah sikuweza kuisema.

Niliporudi ndani aliuliza inachukua muda gani. Hajawahi kuuliza.

Jumanne, 13 Mei

Nimeacha tamthilia. Nilijiandaa kwa hotuba nzima, kwamba ule mkono una mwenyewe. Msaidizi hakunipa nafasi. Kasema sawa, wana Mwafrika mwingine, mrefu zaidi, ameshautazama na anauweza. Atakuwa mdogo wake Laoban Dada. Kwa hiyo mkono umebaki kwao. Nimetoka mimi tu.

Mchana nikaenda ofisini kwa Mama. Nimeamua leo naomba msamaha hata kwa magoti. Nikafunga mlango. Nikasema Mama, ile ya kwenye televisheni. Akanikatiza, akaniuliza nimekula? Nikasema Mama nisikilize. Akasema kuna muntu anakuja kuona gari mwishoni mwa juma, nitakuja kumtafsiria?

Anauza gari. Gari alilolihangaikia, akalifanyia mtihani wa leseni kwa Kifaransa, akafunga na kuomba, akaliita Baraka. Nikamuuliza kwa nini. Akasema metro iko karibu.

Majuto ni mjukuu, wahenga walisema. Wangu kaja mapema na hataki kurudi kwao.

Jumamosi, 17 Mei

Jua leo. Wanunuzi walikuja saa nne, mke na mume vijana, wana mtoto mchanga kwenye beleko. Nilitafsiri kila kitu. Matairi, breki, hali ya betri. Betri ni nzima kabisa, nikawaeleza kitaalamu na mume akaridhika. Akauliza, gari zuri hivi, mama anauza kwa nini.

Nikamgeukia. Akasema, "Umuambie macho yangu imechoka."

Macho yake yanasoma Biblia ya herufi ndogo bila miwani. Nikatafsiri hivyo hivyo: macho yake yamechoka.

Mke wakati wote alikuwa ananikodolea. Ghafla akapiga kelele, Laoban Dada! Akamwonyesha mume, akatoa simu. Walifurahi kweli, hawana ubaya wowote. Wakaomba niwafanyie ile ya mkono, gari likiwa limechomekwa, iwe kumbukumbu ya siku waliyonunua gari. Nikasema hapana, nimeshaacha. Wakadhani naringa kwa heshima, wakazidi kuomba. Mume kashika kalamu, hajatia sahihi, anacheka ananisubiri.

Nikasema hapana tena. Mama Furaha akaniuliza wanataka nini. Nikashindwa kutafsiri. Hilo ndilo neno pekee leo nililoshindwa. Lakini mke alikuwa ameshaweka kiganja chake hewani kumwonyesha, amefumba macho, anatikisa mabega. Mama akaitazama ile kwa utulivu, mwanzo mpaka mwisho.

"Ubafanyie tu, mutoto wangu," akasema. "Tumalize."

Nikafanya. Niliweka mkono, nikafumba macho. Maneno sikusema, nilichezesha midomo tu. Nilipofumbua, mtoto mchanga alikuwa anacheka. Mama Furaha alikuwa ameinama kiti cha nyuma, anatoa vitambaa alivyovitandika, anavikunja kimoja kimoja. Mume akatia sahihi.

Tumerudi kwa metro. Palikuwa na kiti kimoja, nikampisha. Akaona begi langu la vitabu zito, akalivuta, akalipakata na kuliwekea mikono juu lisianguke. Hakuniangalia, wala hakuonyesha hasira. Alikuwa amechoka tu. Nilisimama mbele yake njia nzima, nimeshika bomba, natazama utosi wake, mvi zimeanza kutoka kwenye mistari ya nywele alizosuka.

Kituo chake kikafika. Akanirudishia begi. Akasema aksanti kwa kutafsiri, na nifike salama. Nikabaki mlangoni nikimngoja aseme kuhusu kesho, dimanche. Akapanda ngazi na vitambaa vyake kwapani, mlango wa treni ukajifunga.