Siku Niliyokataa Kusimama

Mtongwe, Likoni
Jumanne

Kwako Mama mpenzi,

Shikamoo Mama. Goti lako linasemaje na mvua hizi za Kaloleni? Cindy na wanawe hawajambo? Mimi ni mzima kwa kadiri ya uzima wangu, nashukuru. Ningekupigia simu, lakini simu yako hupaza sauti nyumba nzima ikasikia, na haya ni yako peke yako.

Najua Jumapili uliondoka hapa ukilia. Tafadhali nisome hadi mwisho.

Ugonjwa huu wa neva ulipoanza kuniyumbisha njiani, watu wakidhani nimelewa mnazi, wewe Mama ulinipeleka kwa Askofu Munga. Aliniamuru mbele ya kanisa zima niutupe mkongojo nisimame. Nilimwambia siwezi. Akanivuta. Nilianguka kifudifudi, leso ikanivuka, jino likavunjika, naye akawatangazia waumini kwamba mwanamke huyu hana imani. Kisha akakuonya wewe kwamba dawa za hospitali na mazoezi ni kumjaribu Mungu, nawe ukanisihi niache. Niliacha, Mama, nikalala kitandani hadi mkono wa kushoto nao ukasusa. Hapo ndipo nilipoapa kwamba Munga atanilipa.

Nilirudi hospitali kimyakimya. Huko nikakutana na Roseline, mshonaji wa hapa Mtongwe, mwenye ugonjwa uleule. Tulianza na kiti tu: kuinuka, kukaa, kuinuka tena. Siku ya kwanza miguu ilitetemeka hadi nikacheka, halafu nikalia. Joto ndilo adui yetu. Jua likichomoza tu, macho huingia ukungu na miguu huwa mizito kama mifuko ya saruji. Kwa hiyo huamka alfajiri, tukajifunga leso mbichi shingoni, tukaingia majini hadi kiunoni na kutembea humo, maji yakitubeba. Siku nyingine narudi nimechoka hata kikombe cha chai kinanishinda, na Roseline hunigombeza nisijilazimishe. Mwenzangu huomba akifanya mazoezi. Mimi nilikuwa nalitaja jina la Munga kila nikiinuka.

Baadaye Munga akasikia kuwa nimeonekana sokoni kwa mkongojo, nikitembea. Akaja na maandazi, eti maombi yake yamejibiwa, nitoe ushuhuda kwenye mkutano wake mkubwa. Kumbe mabango yenye picha yangu alishayachapisha. Nilimwambia nitakuja. Nilitabasamu hadi mashavu yakauma. Kisha nikaazima kiti cha magurudumu.

Yaliyofuata Jumapili mkutanoni uliyaona mwenyewe. Aliniamuru nisimame, nikakaa. Akaamuru tena kwa sauti ya kutisha, nikakaa. Jasho likamtiririka, watu wakaanza kunong'ona, wengine wakaondoka kabla ya sadaka. Aliponisogezea kipaza sauti nijitetee, nikasema polepole, kila mtu asikie, kwamba labda askofu hana imani.

Mama, nilikuwa naweza kusimama. Asubuhi ileile nilikuwa nimetoka mlangoni kwangu hadi majini na kurudi, bila mkongojo. Sijapona, usidanganyike. Ugonjwa uko palepale na kesho unaweza kunilaza. Lakini Jumapili miguu ilikuwa yangu, nami nikaikalia kwa makusudi, nimtazame Munga akianguka kama nilivyoanguka mimi. Ilikuwa tamu, Mama. Malipo ni hapa hapa duniani, na sijutii hata chembe.

Machozi yako tu ndiyo yananinyima usingizi. Ulisafiri na kuku wako wa shukrani, ukarudi ukiamini nimeharibikiwa tena. Sikukwambia mapema kwa sababu wewe hujui kuficha furaha, na Munga angeisoma usoni mwako.

Njoo Jumamosi, asubuhi na mapema kabla ya joto. Ukishuka kwenye feri usinitafute kwa kuangalia chini. Nitakuwa kivukoni, nimesimama.

Nisalimie Cindy, watoto, na majirani wote wanaoniulizia. Na Munga akikuuliza habari zangu, mwambie bado nimekaa.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Kafedha