Kitanda Alicholalia Mama

Jumatatu, 3 Machi

Leo dereva wa lori kashusha kioo na kunipigia kelele: "Dada Chujio, wasalimie waongo!" Nikatembea hadi ofisini kama nimevaa viatu vipya. Humu hakuna anayenisikia, basi niseme: najivunia kazi yangu! Kipindi ni kifupi, baada ya habari za asubuhi tu, lakini kikianza watu wanaongeza sauti ya redio. Naletewa uvumi kuhusu wanasiasa, naupitisha kwenye chujio, nasema kilichobaki.

Leo nilikuwa na Darubini tena. Kinyozi wa nyuma ya soko, ananyoa huku simu inamrekodi, na maelfu wanamfuata. Safari hii — meya alishafariki zamani, tunayemwona ni pacha wake. Ushahidi? Nywele. Alikuwa akizichania kulia, kwenye picha mpya ni kushoto. Nikampigia hewani na maswali yangu matatu. Umeona au umesikia? Nani mwingine athibitishe bila kukutegemea wewe? Na la tatu, ninalolipenda kuliko yote: ukionyeshwa nini utakubali kwamba umekosea?

Akajibu hapo hapo: "Hakuna. Mimi nywele nazijua."

Nikaeleza kwamba ile picha meya alijipiga mwenyewe, na simu ikaigeuza kama kioo kinavyogeuza. Fundi mitambo alicheka mpaka akagonga kitufe cha matangazo ya sabuni.

Mtu asiyeweza kubadilishwa na chochote hatafuti ukweli. Ana mapenzi tu na maneno yake. (Nzuri hiyo. Niitumie siku moja.)

Jumanne, 4 Machi

Mama kazindua kampeni. Diwani vipindi viwili, sasa anautaka umeya. Mama yangu, aliyekuwa akiuza vitambaa kwa pima! Aliishia shule ya msingi na hajawahi kuficha. Mpinzani wake kamwita "Mheshimiwa Darasa la Mwisho". Mama kashika maikrofoni: "Na barabara inayopita mlangoni kwako, imewekwa lami na darasa la ngapi?" Uwanja ukalipuka. Mimi nilisimama nyuma kabisa, maana mtu wa redio hapigi makofi. Nilipiga kidogo.

Huwezi kuamini kwamba mwezi uliopita alilazwa wiki nzima na zaidi, mji wa jirani, akiuguzwa na mama mdogo. Alinikataza nisiende, ati nitamlilia wodini. Wanawake wa sokoni walikwenda kumwombea getini kwake, kwenye mvua.

Alhamisi, 6 Machi

Darubini kamgeukia Mama! Klipu imezagaa kila mahali. Anasema diwani hakuumwa hata mafua. Alichukuliwa na matajiri wa nje, akaapishwa ndani ya handaki, ndiyo maana sasa ana ujasiri wa kugombea.

Mhariri wangu kasema niachane nayo, mama wa mtu hachujwi na mwanawe. Nikamwambia: wa wenzangu nachuja, wa kwetu nifungie kabatini? Nikaenda kinyozini mwenyewe.

"Handaki umeliona?"

"Handaki nimeongezea," kasema bila aibu, anapuliza nywele kwenye mashine. "Watu wanapenda handaki. Lakini hospitali hakulazwa, dada yangu. Shemeji yangu anasafisha wodi za ile hospitali iliyotangazwa. Hajamwona diwani hata siku moja."

"Na ukionyeshwa nini utakubali umekosea?"

Nilitegemea nywele tena. Kaizima mashine, kafikiri kweli, mteja kichwa nusu.

"Kitanda. Nionyeshe kitanda alicholalia. Au muuguzi mmoja tu aliyemhudumia. Nikimpata, nafuta klipu, na Jumatano nikija kipindini kwako naomba radhi hewani."

Nikamwahidi kitanda kisipopatikana, nitalisema hilo hewani mimi mwenyewe. Mara ya kwanza kujibu swali la tatu! Nimetoka mle natabasamu peke yangu. Kitanda kimoja. Kazi ya simu moja.

Ijumaa, 7 Machi

Nimempigia Mama. Wodi gani? "Ya wanawake." Ghorofa ya ngapi? "Mgonjwa anahesabu ngazi, mwanangu?" Muuguzi anaitwa nani? "Nina mkutano." Kakata.

Nimempigia mama mdogo. Mama alilala chumba cha peke yake, kasema. Halafu kasema wagonjwa wenzake walimpigia kelele usiku kucha.

Angekuwa mgeni wa kipindi ningekuwa nimeshambana. Sitaki kuandika zaidi.

Jumapili, 9 Machi

Nilikwenda kwake mchana. Alikuwa anapiga pasi gauni la kampeni.

"Mama, hukulazwa."

Kaendelea na mkono mmoja wa gauni mpaka ukanyooka. Kachomoa pasi. Kafunga mlango wa jikoni ingawa tulikuwa wawili tu.

"Nilikuwa nafanya mtihani."

"Mtihani gani?"

"Wa kumaliza sekondari. Kwa mama yako mdogo, kule hakuna anayenijua."

Nikakaa. Miaka miwili, kumbe, alikuwa akifundishwa alfajiri na mwalimu mstaafu, kabla ya vikao vya baraza. Siku ya kwanza msimamizi alidhani ni mkaguzi, akampa kiti cha mbele na maji ya kunywa! Ikabidi anyanyuke, aseme "mimi ni mtahiniwa," apite katikati ya watoto wenye sare hadi dawati lake. Magoti hayakuingia chini. Binti wa pembeni alimwazima rula, akamwita bibi.

"Sasa kwa nini uongo, Mama?"

"Ningesema, halafu nikafeli? Yule bwana mpinzani angenipigia ngoma mpaka siku ya kura. Katibu wa chama aliniuliza mbona sionekani, nikamwambia naumwa, nimelazwa. Yeye akatoa tangazo. Tangazo likaota miguu."

"Na wale waliokuombea mvuani?"

Kakunja gauni vibaya, kalikunjua, kalikunja tena. "Hao ndio wanaoninyima usingizi."

Nilitaka kukasirika. Nilikasirika, kiasi. Lakini kifua kilikuwa kimejaa kitu kingine. Mwanamke wa miaka hamsini na nane, magoti nje ya dawati, rula ya kuazima! Nilitaka kufungua dirisha niwatangazie majirani.

Badala yake nikasema: "Jumatano nitasema Darubini alikuwa sahihi kuhusu kitanda."

"Subiri matokeo yatoke."

"Nimeshamwahidi mtu."

"Kinyozi!"

"Ndiyo, kinyozi. Aliniambia atakubali akionyeshwa nini. Wewe hukuniambia hata ghorofa."

"Hivi wewe ni mtoto wa nani?"

"Wako. Ndiyo taabu yenyewe."

Hakunisindikiza mlangoni. Mama yangu, anayesindikiza hata mkusanya takataka.

Jumatatu, 10 Machi

Mhariri kasema kiti cha mwamuzi siwezi kukikalia. Ana haki. Ataongoza yeye, mimi nitakaa upande wa wanaoulizwa, na Darubini ataniuliza maswali yangu mwenyewe.

Nikafanya mazoezi mbele ya kioo. Umeona au umesikia? Nimesikia. Nani mwingine athibitishe? Mama mdogo — aliyekwisha kunidanganya mara mbili kwa pumzi moja. Haya! Kwenye chujio langu mwenyewe sipiti. Namwamini Mama kwa sababu ni Mama. Na wale maelfu wanamwamini Darubini kwa sababu ni Darubini, anawanyoa vizuri na kuwauliza habari za watoto.

Imeniuma. Lakini nadhani ni jambo la kujivunia pia, chujio linalomkamata hata aliyelishika.

Nimemwandikia Mama: "Sina ushahidi. Njoo wewe." Kasoma. Hajajibu.

Jumatano, 12 Machi

Naandika studio, chini ya meza, wimbo ukiwa hewani. Daftari liko gotini, sijui kama nitausoma huu mwandiko.

Kaja! Tulikuwa tumeshaanza. Nilikuwa nimesema "diwani ni mama yangu mzazi, pimeni maneno yangu mkijua hivyo," Darubini kaniuliza umeona au umesikia, nami najibu "nimesikia" — mlango ukafunguliwa. Bila katibu wa chama, bila walinzi. Gauni lile lile la pasi.

Hakumsalimia mhariri. Kavuta maikrofoni, kazungumza na wanawake wa sokoni kwanza. Hakuumwa. Walisimama mvuani kumwombea mtu mzima wa afya, na atakuja kibanda kwa kibanda kuwaomba radhi. Halafu kasema alikokuwa. Neno "mtihani" kalisema mara mbili, la pili kwa sauti kubwa.

Simu zimewaka zote. Mmoja kasema kura yake Mama ameipoteza. Mmoja analia tu.

Darubini kavaa tai leo. Kasema hewani, bila kuulizwa: "Handaki niliongezea. Nalifuta." Nilidhani yameisha. Kakohoa. "Lakini Mama, unisamehe, mtihani nao bado ni maneno. Jana maneno yalikuwa hospitali."

"Sasa ukionyeshwa nini utakubali, mwanangu?" Mama kauliza. Swali langu! Kinywani mwake!

Kumbe kinyozi kajiandaa. Kuna mteja wake mwalimu, kampa hesabu. Kaisoma polepole, nchi nzima inasikia: bomba moja linajaza tangi kwa saa sita. La pili linalijaza kwa saa nne. Chini kuna tundu linaloweza kulimaliza tangi zima kwa saa kumi na mbili. Vyote vikifunguliwa pamoja, tangi litajaa baada ya muda gani?

Mhariri kaweka wimbo haraka na kamnong'oneza Mama kwamba halazimiki, ni mheshimiwa, tutaweka tangazo na kumaliza. Mama kamtazama kama anavyonitazama mimi nikiacha chakula. Kaomba kalamu. Darubini ndiye aliyempa, kaichomoa mfukoni na kuifungua kifuniko.

Sasa anaandika nyuma ya mwongozo wa kipindi. Mimi hesabu niliziaga zamani, sijui hata aanzie wapi. Fundi mitambo anajaribu kwa vidole na ameshapotea. Darubini kainama, tai yake inagusa meza, midomo inamcheza — sijui anaomba apate au akose. Nadhani apate.

Kaandika sehemu tatu, moja juu ya sita, moja juu ya nne, na ya tatu kaiwekea alama ya kutoa. Kasita. Kalamu hewani.

Wimbo unaelekea mwisho. Mhariri kaninyooshea vidole viwili, sasa kimoja.

Mama kavuta mstari mmoja mrefu, kutoka ukingo hadi ukingo wa karatasi. Chini yake kaandika kumi na mbili — moja tu, kubwa, kwa sehemu zote tatu, na pembeni kazungushia duara "saa tatu" — na kainua kichwa, hanitazami mimi, anamtazama kinyozi, na mkono wake unaenda kwenye maikrofoni kabla taa nyekundu ya hewani haijawaka.