Nyasi za Shamba la Mama Riziki

Mdogo wangu Agripina,

Nakusalimu kutoka Sumbawanga, ambako baridi imenivalisha koti mchana. Jana nilikwenda shambani na mwenyeji wangu, Mama Sesilia. Tangu ruzuku ya mbolea iondolewe, amerudia ntumba, yaani matuta ya duara ambayo ndani yake nyasi hufukiwa zioze. Alikuwa akisaidiwa na Mama Riziki, aliyekimbia vita Kongo akavuka ziwa hadi bandari ya Kabwe, upande wetu. Sasa anajiandaa kurudi kwao.

“Nitakula nini huko?” alisema. “Shamba nililoliacha limekuwa nyasi tupu.”

Mama Sesilia akacheka. “Nyasi tupu! Huku tunazigombania, mwenzangu. Una mbolea ya miaka yote hiyo, unalia nini?”

Mama Riziki hakucheka. Alichukua jembe, akafukia nyasi za tuta zima peke yake, kisha akauliza, “Maharage hupandwa lini hapa juu ya tuta?”

“Leo leo,” akajibiwa, na mwenyeji wangu akamfungulia pindo la khanga lenye mbegu.

Mwambie shemeji asichome nyasi za shamba letu kabla sijarudi. Mungu awatunze, na watoto wavae sweta.

Kaka yako