Ng'ombe Wamekataa Mluzi wa Mume Wangu

Mpendwa Bi Hafidha, nisaidie haraka maana hapa nilipo sijui nicheke au nilie. Mume wangu, Baba Dado, ni mfugaji, alichanjwa korona hapa Garsen na baada ya siku chache akaamka uso umelegea upande mmoja, jicho halifungi, chai inamchuruzika kidevuni, daktari akasema ni mshipa wa fahamu wa uso, huenda ni sindano, huenda siyo, akampa dawa akamwambia atapona. Sasa mdomo ule haukuweza kupiga mluzi, na ng'ombe wetu bila mluzi hawashuki mtoni kunywa maji, naye kwa aibu akajifunika shuka akakaa ndani, akanituma mimi. Bi Hafidha, nilipofika kwenye vichaka vya miiba ya mathenge nikaangalia huku na huku, nikaona hakuna mtu, nikapiga mluzi! Kwetu mwanamke kupiga mluzi ni aibu, mama mkwe akisikia atanirudisha kwa baba yangu, lakini ng'ombe walishuka wote, hata yule mweusi mkaidi, nami nikaona raha nikaongeza na madoido. Nyumbani nikasema wanamfuata tu ng'ombe wa kengele.

Sasa Baba Dado amepona, uso umenyooka, mluzi umerudi, lakini ng'ombe wanamtazama tu huku wanacheua. Juzi alipiga mpaka macho yakamtoka, wao wakageuka wakanikodolea mimi. Anasema sindano imemharibia pumzi, anawatangazia wafugaji wote, na ameapa Dado wetu hatachanjwa surua, na surua imeshaingia kijiji cha jirani. Nikisema ukweli nitaachika, nikinyamaza mtoto ataugua. Nifanye nini?

Mwenye Mluzi, Garsen

Mwenye Mluzi, pole mwanangu, ingawa kahawa imenipalia kwa kicheko.

Kwanza, mumeo hakujifanya mgonjwa. Uso kulegea hivyo hutokea mara chache baada ya chanjo, na huwapata hata wasiochanjwa. Alifanya vyema kumwona daktari, na amkumbushe daktari habari hiyo kabla ya kuchanjwa tena. Lakini pumzi yake ni nzima. Aliyewaharibu ng'ombe ni wewe! Kuwanywesha maji ulikuwa na haki. Hayo madoido nani alikutuma?

Kesho asubuhi, kabla zizi halijafunguliwa, mwite mbali na mama yake umwambie yote. Akifoka, mwulize angependa ng'ombe wafe kiu au mkewe apige mluzi. Kisha mfundishe mluzi wako, na madoido yake, mpaka aupate. Ng'ombe wakimfuata, ataona mwenyewe kwamba sindano aliisingizia.

Wakishakunywa, mwende kliniki wote watatu. Maswali yake amwulize muuguzi, na Dado achanjwe hiyohiyo kesho. Aibu ya mluzi utaizoea, mwanangu. Kumzika mtoto kwa kuficha mluzi hutakuzoea kamwe.

Na ng'ombe wakikukodolea mbele ya mama mkwe, wewe tazama mto.