Aya ya Tatu

Mwenzangu, umekaa? Kaa.

Si unajua hapa kazini tunavichapia vyama vyote viwili vipeperushi vya kampeni? Basi cha chama tawala nilikitengeneza juu ya kile cha wapinzani. Nikabadilisha picha, rangi, nembo. Nikasahau aya ya tatu.

Aya ya tatu inasema kima cha chini cha mshahara kitapanda mara mbili.

Chama tawala! Wale wale wanaotuambia kila mwaka kwamba mishahara ikipanda biashara zitakufa.

Na mgombea wao alikuja mwenyewe kukagua kabla hatujachapa. Akaitazama picha yake dakika kumi nzima, akasema kidevu kiko sawa, akatia saini.

Leo mchana amekisoma kipeperushi jukwaani. Chote. Mara mbili, mwenzangu. Watu wakambeba juu juu. Sasa atakanushaje, naye yuko mabegani mwao?

Bosi akatuita wote. "Nani alipanga hii?" Mimi naangalia viatu vyangu kama vile ndio kwanza nimevinunua.

Akasema, "Hawa wakishinda, nyinyi nitawalipa nini?"

Fundi wa mashine akamwambia pole. Pole! Kwa uso mkavu kabisa.

Mara simu ikalia. Wapinzani. Wanataka vipeperushi vipya kesho asubuhi, na kima chao kipite cha wenzao.

Bosi kanigeukia, kachoka. "Weka mara tatu."

Nimeweka mara tano. Na kidevu cha mgombea wao nimekinyoosha vizuri sana.