Chupa ya Maganga

Mtendeni, Jumanne, Julai 1954

Leo hospitalini chupa ya damu ilikuwa ikigonga chuma cha kitanda kila Mama alipogeuka. Bado naisikia.

Damu ilikuwa ya Maganga, mchumba wangu. Yangu haikupatana na ya Mama, na mjomba alisema yake ni kidogo. Mjomba ana mwili wa watu wawili.

Alitukuta wodini, akamtazama Maganga aliyefungwa bendeji mkononi.

"Wazee wetu walichanjana chale, wakawa ndugu kwa tone moja. Wewe umetoa chupa nzima. Dada yangu sasa ni mama yako, na huyu ni dada yako. Utamwoaje?"

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Hujajibu."

Mama alifungua macho. "Mwacheni mwanangu Maganga ale kwanza."

Mjomba alitutazama kama mtu aliyeshinda kesi.

Kisha Mama akalalamika kwamba uji hauna chumvi. Wiki nzima hakuwa na nguvu za kulalamika. Nilitoka nje nikalia kidogo, nikarudi na chumvi.

Tabibu hakunificha. Damu haitibu saratani ya kizazi. Mama ataendelea kuvuja, na chupa hii itamtosha labda wiki nne. Naogopa kuzihesabu.

Matangazo ya ndoa husomwa kanisani Jumapili tatu kabla ya harusi. Nataka Mama aione harusi akiwa ameketi.

Kwa hiyo nilipotoka hospitali nilipitia misheni, nikaandikisha majina yetu kwa padri. Mjomba atasikia kanisani, pamoja na wengine.