Soksi Nyuma ya Pazia

6 Februari

Dada yangu mpenzi,

Hujambo? Shemeji hajambo? Na Mama, mgongo unasemaje siku hizi? Mimi ni mzima, ila vidole vinaniuma kwa kusuka.

Sasa kaa chini kwanza. Wanatoa mkusanyiko wa nyimbo bora za Chiriku! Kanda moja, nyimbo kumi na mbili. Sikuambiwa na mtu. Jana nilikuwa namsuka, kichwa chake kimelala magotini pangu, bwana wa kampuni akaingia na orodha. “Usinisubiri Kituoni” upo. “Saa ya Ukutani” upo. “Nusu Yako” wameuacha! Nusura nimchome yule bwana kwa kitana.

Chiriku mwenyewe hana raha. Anasema kutoa mkusanyiko bila kibao kipya ni kama kuagwa ukiwa hai. Mwaka wa tatu huu hajapata wimbo.

Wewe ungechagua zipi? Halafu uniambie, maana sijawahi kukuuliza: kwa nini siku hizi “Saa ya Ukutani” ukianza unatoka chumbani?

Mdogo wako

21 Februari

Mdogo wangu,

Barua yako imenikuta salama. Mama anaendelea vizuri, anakusalimu, anauliza unakula nini huko. Shemeji yako naye mzima, saluni yake ya kunyolea haikosi watu.

Kuuacha “Nusu Yako” ni uhuni. Ule tuliucheza mpaka utepe ukakatika, tukaunga kwa rangi ya kucha. Waondoe ule wa harusi, hata Chiriku mwenyewe anauimba kama kalazimishwa.

Umeniuliza, nitakujibu. “Saa ya Ukutani” ndio uliokuwa ukiimbwa kwenye redio ya wodini siku nilipojifungua mtoto asiyelia. Tuliporudi, shemeji yako alisema vitu vyote vya mtoto vichomwe. Nikamwambia nimechoma. Nilimdanganya. Nimebakiza soksi mbili za manjano. Kila Jumamosi nazifua pamoja na nguo zetu, halafu nazianika ndani, nyuma ya pazia la chumbani, asizione. Zinafuliwa na hazijakanyaga chini. Utasema nimechanganyikiwa.

Hakuna mwingine ninayeweza kumwambia. Ukimaliza kusoma, ichane.

Dada yako

9 Aprili

Dada,

Habari za siku? Nisamehe kwa kimya, kazi zimenizidi. Natumaini nyote wazima.

Barua yako niliipata. Nililia sana.

Kuna habari. Mkusanyiko una wimbo wa kumi na tatu, mpya kabisa! Watu wa studio wanasema hajawahi kuimba hivi. Sitakuambia unahusu nini, nataka usikie mwenyewe. Nadhani utafurahi. Usinikasirikie kabla ya kuusikiliza mpaka mwisho.

Mdogo wako akupendaye

3 Mei

Mdogo wangu,

Sisi ni wazima, kama bado inakuhusu.

Ijumaa tulikuwa tunashona kola za sare za shule, cherehani saba zinalia kwa pamoja. Mtangazaji akasema ni kibao kipya cha Chiriku. Mimi ndiye niliyewanyamazisha wenzangu. “Tulieni jamani, ni Chiriku!” Wote wakatoa miguu kwenye pedali.

Akaanza. Soksi mbili nyuma ya pazia. Zinafuliwa na hazijakanyaga chini. Mpaka Jumamosi yangu aliitaja.

Mwenzangu wa vifungo akajifuta macho, akasema, “Maskini, sijui mwanamke huyu yupo kweli?”

Nikasema, “Sijui.”

Nilikwenda dukani nikaichukua kanda. Njiani najidanganya, labda tupo wengi tunaofua soksi. Nikakunjua karatasi ya ndani. Nyimbo kumi na mbili, maneno ni ya Chiriku. Wa kumi na tatu, maneno ni ya nani? Jina lako, na jina la baba yetu.

Kesho yake shemeji yako alirudi mchana. Hajawahi kurudi mchana. Nywele za wateja zilikuwa bado kwenye aproni. Alipita moja kwa moja chumbani, akavuta pazia. Ilikuwa Jumamosi, zilikuwepo, zinadondosha maji.

Akaziweka kiganjani. Akaniuliza, “Mdogo wako alijua?”

“Alijua.”

“Wateja wangu wameuimba wimbo huu asubuhi nzima, nami nikawa napiga mluzi, mpaka mtangazaji alipotaja jina la mtunzi. Watu wote wanajua. Mimi sikuwa baba yake?”

Akakaa kitandani, akalia. Nilidhani alishasahau. Kumbe aliagiza vichomwe akidhani ndivyo nitakavyopona. Sasa analala kwa kaka yake.

Nilikuambia uichane.

Dada yako

12 Mei

Dada,

Sijui nianze vipi kukusalimu. Hali yako?

Sikukusudia. Siku moja nilipokuwa namsuka alikuwa analia kwamba hana la kuimba tena, nikamwambia kuna mtu ninayemjua. Mtu tu, sikukutaja. Akasema, niandikie. Barua ilikuwa kwenye mkoba wangu. Nikanakili. Dada, ni Chiriku! Tangu utotoni tumemwimba mbele ya kioo, na sasa ananiomba mimi!

Jina langu waliliweka wao. Sikukataa, ni kweli. Na kuna jingine, bora ulisikie kwangu. Mwandishi wa gazeti aliniuliza kama mtoto alikuwa wangu. Nikasema ndiyo. Nilisema hivyo ili wewe usijulikane. Picha yangu itatoka na Chiriku. Tafadhali mwambie Mama mapema asije akashtuka.

Mdogo wako

5 Juni

Dada,

Mnaendeleaje? Shemeji amerudi? Sijapata jibu lako.

Wimbo unashika namba moja wiki ya tano. Wanawake wananisimamisha barabarani, wananikumbatia, wananipa pole. Mmoja alinishika mikono akaniuliza mtoto alikuwa wa kike au wa kiume. Dada, wewe hukuniambia, na mimi sikukuuliza.

Nilimwambia Chiriku ukweli kwamba mtoto ni wako, nikamwomba tukanushe lile la gazetini. Akasema sasa tumechelewa. Nimeacha kumsuka.

Nitukane. Niandikie lolote.

Mdogo wako

14 Julai

Mdogo wangu,

Hujambo? Sisi hatujambo. Mama ni mzima, mgongo umepata nafuu. Shemeji yako ni mzima, yuko nyumbani. Kazini ni salama, tumemaliza sare za muhula. Mvua ilinyesha wiki nzima, sasa kumekauka.

Wote wanakusalimu.

Mengine ni ya humu ndani.

Dada yako